Feni Iliyolala Mafunjoni

Jumanne saa nane mchana Alungat alikuwa anaanika nafaka ya wimbi kwenye turubai, mbele ya nyumba yake huko Lunyo, mpakani upande wa Uganda, akasikia Feni.

Ilianza mbali, upande wa kinamasi cha mto Sio, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Kisha ikapanda, ikawa mngurumo wa kutetemesha meno. Ungo ulimtoka mikononi kabla hajawaza lolote. Magoti yakakunjika. Mwanamke wa miaka sitini, mwenye wajukuu saba na mguu mmoja mbovu, akajitupa chini kifudifudi, shavu kwenye wimbi, akabana pumzi.

Ajambo, mke wa mwanawe, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mama. Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Sasa ni nini?"

"Nimelala."

Ajambo akatazama jua, akatazama wimbi lililomwagika. "Kitanda iko ndani, Mama."

Ajambo alikuwa Msamia, Alungat Mteso. Tangu siku ile binti alipoletwa nyumbani walizungumza Kiswahili cha soko, na kwa hicho walielewana kuliko watu wengi walionyonya lugha moja.

"Wewe hukusikia?" Alungat akauliza. Mngurumo ulikuwa umekatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Nasikia kuku nakula wimbi yako."

Akamwinua, akampangusa shavu kwa kanga yake, wala hakuuliza tena. Lakini jioni Okedi alipopita na mzigo wake wa mafunjo kichwani, Ajambo akamwita anywe chai. Alitaka mtu wa tatu awepo.

Okedi alikuwa mkata mafunjo. Aliyauza kwa wasuka mikeka, na hakuna aliyekijua kinamasi kile kama yeye. Akanywa kikombe cha kwanza. Kwenye cha pili akasema:

"Mmesikia Feni imeonekana?"

Alungat akaweka kikombe chini.

"Ile boti ya jeshi, ya zamani zile za magendo," Okedi akaendelea. "Kiangazi hii maji imekauka sana, nimekata mafunjo mpaka mahali sijafika maisha yangu yote. Panga yangu ikagonga chuma. Nikasema hapa kuna kiboko amekula sufuria." Akacheka peke yake. "Sasa iko fundi ya Kenya, jina yake Rasto, anaitengeneza. Miezi mbili yuko huko ndani. Chairman wa kijiji amemruhusu, akasema tusitangaze kwanza."

"Basi leo mchana ameiwasha," Alungat akasema.

"Aiwashe na nini? Injini haina plagi hata moja. Plagi nakuja Ijumaa, kutoka Kisumu."

Ajambo akamtazama mama mkwe wake. Alungat alikuwa anatazama kinamasi, na midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtu anayejibu swali asilotaka lisikike.

*

Asubuhi yake Alungat akamwambia Okedi ampeleke.

Njia ya kuingilia ilikuwa ya magogo yaliyolazwa juu ya matope. Pande zote mafunjo yalisimama marefu kupita mtu, na vichwa vyake kama nywele za mtoto ambazo hazijasukwa. Mahali pamoja, hatua kama ishirini kutoka njiani, hayakusimama. Yalikuwa yamelala chali, yote upande mmoja, mabichi kabisa, kama mkeka uliotandikwa.

"Hapo mimi sikati," Okedi akasema bila kugeuza shingo. "Hata baba yangu hakukata. Yanaota yakiwa yamelala."

 Alungat alipajua pale.

Feni ilikuwa imevutwa mpaka kwenye kidimbwi kidogo cha maji wazi. Okedi akamwacha, akaenda kwenye kazi yake. Alungat akasimama akiegemea fimbo, akaitazama, na kwanza akashangaa ilivyokuwa ndogo. Chini ilikuwa bapa kama sinia, ya bati nene lililopakwa rangi ya chura. Katikati kulikuwa na kiti kirefu cha chuma, cha askari kukaa juu aone vichwa vya watu ndani ya mafunjo. Nyuma ya kiti ilikaa injini ya ndege ndogo, na nyuma ya injini panga la mbao la kupuliza upepo, lenye urefu wa mtu mzima, limefungiwa ndani ya tundu la nyaya kama kuku wa kupelekwa sokoni. Nyuma kabisa zilisimama mbao mbili za kuielekeza, kama masikio.

Mwanaume mwenye kitambi akachomoza kichwa nyuma ya injini, spana mdomoni. Akaitoa, akamsalimu kwa neno la Kiluhya la kumwita bibi.

"Karibu, Kukhu. Umekuja kukata tiketi?"

"Tiketi ya wapi?"

"Jumamosi naanza safari. Mgonjwa wa ng'ambo ile akitaka hospitali ya Masafu anazunguka nusu siku, si ndiyo? Na hii tunavuka dakika kumi na tano tu. Jumapili nawabeba watu wa kwaya, wapige picha zao." Akaligonga bati kwa kiganja. "Huyu mzee ni mjanja. Boti nyingine injini yake inachokora ndani ya maji, mafunjo yanaisonga. Huyu anasukumwa na upepo. Anapita juu ya majani kama mtu anatembea kwenye godoro."

"Najua vile inapita," Alungat akasema.

"Uliiona?"

"Jana ulikuwa unagonga hapa saa nane?"

"Nilikuwa nagonga. Kwani ilifika mpaka kwako? Pole, Kukhu, nyundo haina adabu."

"Nilisikia injini."

Rasto akacheka, akafungua kiganja chake kilichojaa mafuta meusi, akamwonyesha matundu manne ya plagi yaliyozibwa kwa vitambaa. Kisha kicheko kikaisha chenyewe. Akageuza spana mara mbili tatu.

"Nikikuambia kitu hutanicheka?"

"Sema."

"Injini mimi sijasikia. Lakini kuna mtoto. Kila siku saa hizo za saa nane, nikiweka nyundo chini namsikia anauliza huko ndani ya mafunjo. Sauti ndogo, ya msichana. Anauliza, 'Wameenda?' Mimi nilidhani ni watoto wa kuokota kuni, wanataka kujua kama mafundi wameenda kula, waje wachezee mashine. Unajua watoto."

Alungat aliishika fimbo kwa mikono miwili. "Ukamjibu?"

"Si mtoto akiuliza unamjibu? Nikamwambia bado. Bado tuko hapa."

"Mara ngapi?"

"Kila siku, Kukhu. Imekuwa kama salamu yetu. Yeye 'Wameenda?' mimi 'Bado.'"

Alungat akakaa juu ya sanduku la vyombo bila kukaribishwa.  Halafu akaanza kusema, na yale aliyoyasema hakuwahi kumwambia mtu. Hata mumewe hakumwambia, wala kasisi, wala Ajambo.

*

Alungat alikuwa na miaka kumi na miwili na mdogo wake Atai alikuwa na sita. Chumvi haikuwepo dukani, sabuni haikuwepo, na mama yao alikuwa anawatuma ng'ambo ya Kenya na mtumbwi, kwa kuwa mtoto hatiliwi shaka haraka kama mtu mzima. Wanajeshi wa doria walipoleta Feni, mama akawafundisha masharti. Ukisikia mngurumo, mdogo analala chini kabisa ndani ya mtumbwi na kufunikwa mafunjo, mkubwa anaingia majini na kubaki na pua tu. Mdogo hainuki, hata nyoka ampite mgongoni, mpaka mkubwa amwambie. Akichoka atauliza, "Wameenda?" Kama hawajaenda atajibiwa, "Bado." Wakienda ataambiwa, "Amka." Na maneno hayo waliyasema kwa Kiswahili, ili askari akiyasikia asijue ni watoto wa kabila gani, wa nyumba gani. Kiswahili hakikuwa na mlango wa kubishwa.

Atai aliyashika masharti kama sala. Walikuwa wameyatumia mara nyingi, na kila mara alikuwa anaamka na majani kichwani akicheka.

Siku ile walikuwa wanarudi na debe la chumvi. Feni ikatokea karibu, bila kuanzia mbali. Alungat akasema, "Lala," akaingia majini. Ilisimama hatua chache tu kutoka kwao, ikiwa inanguruma kwa chini, na askari kwenye kile kiti kirefu akageuza kichwa huku na huku. Ndani ya mtumbwi ikatoka sauti ndogo, "Wameenda?" Alungat akapandisha mdomo juu ya maji, akasema kwa pumzi tu, "Bado."

Ndipo panga likazungushwa kwa nguvu zote. Upepo ukayalaza mafunjo kama mkono wa mtu unavyolaza manyoya ya paka, na Feni ikapita. Mtumbwi aliuona ukisukumwa, ukaingia ndani ya majani yaliyolala. Mngurumo ukaenda, ukaenda, ukaisha.

"Nilijua imeenda," Alungat akamwambia Rasto. "Hapo ndipo penyewe. Nilijua. Nilitakiwa kusema neno moja. Lakini mdomo ulikataa. Nilifikiri nikisema, yule wa kwenye kiti atageuka. Nikatoka majini, nikashika njia ya magogo, nikakimbia nyumbani. Nikajisemea atakuja mwenyewe."

"Na hakuja."

"Asubuhi wanaume waliingia. Waliona upondo. Mtumbwi hawakuuona, mtoto hawakumwona. Mama yangu alizika tunda la mwegea, kama tunavyomfanyia mtu asiyepatikana. Alilifunga kwa gauni la Atai la kanisani. Na mpaka anakufa aliniuliza swali moja. Ulimwambia nini? Nikamjibu, nilimwambia aamke." Akaitazama Feni. "Mtoto yule alikuwa na utii. Nilimwambia bado, akalala. Yuko pale amelala."

Rasto alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa. Ilishakauka zamani, lakini aliendelea kuifuta.

"Nami nimemwambia bado miezi miwili," akasema.

"Hukujua."

"Sikujua. Lakini nimemwambia." Akakitupa kitambaa. "Kukhu, si ungekuja tu umwambie? Miaka yote hii?"

"Nilikuja. Mwaka wa kwanza hii mashine ilikuwa bado inapita kila siku, ningesema nini? Mwaka wa pili vita ikafika, askari wakakimbia, wakaiacha humu, na hakuna aliyejua imelala wapi. Tulijua tu haikutoka. Nimesimama kwenye yale magogo nimefungua mdomo mara nyingi kuliko nywele zangu. Ningesemaje wameenda, na mashine yao iko ndani pamoja naye? Mama nilimdanganya. Yeye siwezi." Akasimama kwa shida. "Na wewe unataka iwe inapita hapa kila siku."

Hapo ndipo Rasto alipoelewa alichoombwa, ingawa hakuwa ameombwa. Akaizunguka boti yake polepole. Akashika panga la mbao alilolichonga upya upande mmoja kwa wiki tatu. Akashika kiti.

"Barabara ya kuitolea hakuna," akasema mwisho. "Kuikatakata siwezi, usinitume hiyo. Itoke kwa miguu yake. Nishuke nayo na mto mpaka Sio Port, huko kuna lori, na mafunjo ya huko hayana neno na mtu. Wagonjwa nitawatafutia boti nyingine, hata ya injini ya kawaida." Akamtazama. "Lakini lazima niiwashe, Kukhu. Lazima ipite tena pale pale. Na ile sauti yake yote."

"Ipite," Alungat akasema.

"Na usiseme neno mpaka iwe nchi kavu kweli. Nitapiga simu. Nikiwa nimeifunga juu ya lori, ndiyo nitapiga."

*

Jumamosi watu walijaa kwenye magogo kama siku ya ubatizo. Okedi aliwaambia wote kwamba ndiye aliyeigundua, na kadiri alivyosimulia ndivyo kiboko wa sufuria alivyozidi kunenepa. Ajambo alisimama nyuma ya mama mkwe wake na simu mkononi. Usiku wa Ijumaa Alungat alikuwa amemwambia yote, kwa maneno machache, wakichambua mboga. Ajambo akamaliza kuchambua mboga zake, kisha akasema, "Simu nitashika mimi. Yako haina chaji tangu Pasaka."

Alungat akavua kandambili, akaingia majini mpaka magotini, mbele ya yale mafunjo yaliyolala. Mtu mmoja akamwita arudi, ataumia. Ajambo akamwambia mtu huyo atazame shughuli zake.

Rasto akapanda kwenye kiti. Injini ikakohoa mara mbili, ikashika.

Sauti ni ile ile. Hakuna aliyemwambia Alungat kwamba sauti haizeeki. Ilimwingia kwenye mbavu, ikamshuka kwenye magoti, na magoti yakajua kazi yao. Yakaanza kukunjika. Akachimba fimbo kwenye matope, akaishika kama mtu anayeshikilia mlango usifunguliwe. Feni ikaja, chini bapa, upepo ukamvua kitambaa cha kichwa na kukitupa nyuma, mafunjo yote kushoto na kulia yakalala. Watu wakaziba masikio. Wengine wakainama. Katika kinamasi kizima aliyesimama wima alikuwa mwanamke mmoja mwenye mvi na mguu mbovu, na machozi yake yalikimbilia masikioni kwa sababu ya upepo.

Ikapita. Mafunjo yakainuka nyuma yake moja moja, yakitikisa vichwa. Yale mengine, ya pale, yakabaki yamelala.

Mngurumo ukaenda, ukaenda, ukaisha.

Watu wakapiga soga, wakasubiri kitu kingine, hakikuja, wakaenda. Okedi akaondoka na wa mwisho. Wakabaki wawili, Alungat majini na Ajambo kwenye gogo. Jua likasogea. Saa saba ikapita. Ruba akamshika Alungat mguuni, hakumwondoa.

Saa nane sauti ikaja. Haikutoka mbali. Ilitoka pale, chini ya majani, hatua tatu au nne, na ilikuwa na uchovu wa mtoto aliyekaa kimya muda mrefu kwa sababu aliambiwa.

"Wameenda?"

Ajambo aliisikia. Akaweka mkono mdomoni.

Alungat akageuka amwone Ajambo, na Ajambo akainua simu, akatikisa kichwa. Haijapigwa. Neno lile la zamani likamjia Alungat ulimini, likiwa tayari, jepesi, lilivyozoea. Akaliuma. Hakuwa na jingine. Hawakufundishwa jingine. Akatafuta kichwani mwake kama mtu anayetafuta sindano gizani, na mwisho akasema kama anavyosema na wajukuu:

"Ngoja kidogo, mama. Naulizia."

Kukawa kimya. Lakini kilikuwa kimya cha mtu anayesikiliza.

Wakangoja. Kunguru wawili wakapita. Ajambo aliikodolea simu macho kama angeweza kuivuta ilie kwa kuitazama. Ilipolia alishtuka karibu aidondoshe majini.

"Halo. Ndiyo. Ndiyo, iko hapa." Akasikiliza. "Iko juu ya lori? Umefunga na kamba? Ngapi?" Akasikiliza tena. "Nne. Sawa. Anasema iko juu ya lori, Mama, kamba nne, na lori iko juu ya lami, nakwenda. Anasema mwambie na yeye anaomba msamaha."

Alungat akafungua mdomo.  Sauti ikatoka, ya kukwaruza, ikiwa na miaka kumi na miwili ndani yake.

"Wameenda, Atai. Wote wameenda. Amka."

Hapakuwa na upepo. Yale mafunjo yaliyolala yakatetemeka kwenye ncha, kama mtu anayefumbua macho. Bua moja likainuka. Likafuata la pembeni yake. Yakawa yanaamka kuanzia katikati kuelekea nje, polepole, yakimwaga maji, mpaka pakawa pamesimama kama mahali pengine popote, na mgeni asingejua palipokuwa. Kisha kati yake yakaachana kidogo, chini chini, kwa kimo cha mtu mdogo. Yakaachana na kufunga, yakaachana na kufunga, mpaka kwenye ukingo alipokuwa amesimama Alungat.

Alungat akasema maneno mengine, hayo kwa Kiteso, lugha ya nyumbani, kwa sababu sasa hapakuwa na askari wa kufichwa. Ajambo hakuyaelewa, na hakuomba atafsiriwe.

Wakashika njia. Alungat alikuwa anatembea taratibu kuliko mguu wake ulivyohitaji, akisimama kila penye gogo baya kama anayemngojea mtu avuke. Fimbo ilikuwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulining'inia mbali kidogo na mwili wake, vidole vimekunjwa nusu.

Walipotoka kinamasini njia ikawa nyembamba, ya watu wawili kwenda sambamba. Ajambo, aliyekuwa upande wa kushoto, akautazama ule mkono. Akaiacha wazi nafasi ya pembeni yake, akashuka kwenye majani, akatembea huko, upupu na miiba na yote, mpaka nyumbani.